Fuatilia Maombi ya Ujenzi Karibu na Nyumbani Kwako

Mara nyingi mwananchi hutambua kwamba jengo la ghorofa nyingi linakuja kando ya nyumba yake siku ile mashine ya kuchimba msingi inapofika. Kufikia siku hiyo, ombi limekwisha kuwasilishwa, tangazo limekwisha kutolewa, muda wa kupinga umepita na idhini imetiwa sahihi. Lalamiko linaloletwa katika hatua hiyo laweza kuwa la haki kabisa, lakini njia zilizobaki ni ndefu na zina gharama. Katika sura hii tunaeleza jinsi ya kupata habari mapema, wakati barua ya ukurasa mmoja bado ina uzito.

Sheria inakupa nafasi gani

Nchini Kenya, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inakataza mtu yeyote kuendeleza ardhi bila idhini ya serikali ya kaunti. Kuendeleza si kujenga tu. Anayetaka kugeuza nyumba ya familia moja kuwa fleti, makazi kuwa baa au ghala, au kugawanya ardhi yake, naye anahitaji idhini.

Sheria hiyo inamtaka mwombaji autangazie umma mradi wake, na tangazo lenyewe liwaalike wananchi kuwasilisha pingamizi kwa waziri wa kaunti anayesimamia mipango ya ardhi. Zingatia kwamba wanaoalikwa ni wananchi kwa jumla. Mpangaji, mwenye kioski na mzazi ambaye mtoto wake anasoma shule iliyo karibu wanaweza kuandika sawasawa na mwenye hatimiliki.

Jambo hili si dogo. Mabadiliko ya matumizi ya ardhi ndiyo yaliyogeuza mitaa kama Kileleshwa na Kilimani jijini Nairobi, kutoka nyumba za bustani hadi majengo marefu ya fleti. Watu wanahitaji makazi, na jirani yako ana haki ya kuitumia ardhi yake. Hata hivyo, mabomba ya maji, mfereji wa maji taka na barabara ni vya watu wote, na anayekaa hapo ndiye anayejua mahali ambapo vimekwisha kulemewa. Mara nyingine kinachohusika ni uhai. Tarehe 29 Aprili 2016, jengo la makazi lililosimama karibu na mto huko Huruma, Nairobi, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 50.

Jua nambari za ardhi

Matangazo mengi hayataji jina la mtaa kwa njia ambayo mkazi ataitambua mara moja. Hutaja nambari ya usajili wa ardhi. Mtu anaweza kusoma gazeti kila siku na kulipita tangazo la ploti iliyo nyuma ya ukuta wake bila kujua.

Kwa hiyo anza na nambari yako. Imo katika hatimiliki. Mpangaji anaweza kumwuliza mwenye nyumba. Kisha tafuta nambari za ploti zinazokuzunguka. Ofisi za upimaji wa ardhi huuza nakala za ramani zinazoonyesha mipaka na nambari hizo. Ziandike katika karatasi moja, na uwape majirani nakala.

Mahali pa kutazama

Kwanza ni kwenye ardhi yenyewe. Bango la tangazo huwekwa mahali pa mradi, na wakati mwingine huwekwa upande ambao wapita njia ni wachache. Ukiona bango jipya, lipige picha inayoonyesha maneno yote, nawe uandike tarehe uliyoliona.

Pili ni magazeti, katika kurasa za matangazo madogo. Matangazo mengi huandikwa kwa Kiingereza. Ikiwa lugha hiyo inakutatiza, mwombe mtu akusomee mambo manne: nambari ya ardhi, matumizi ya sasa, matumizi yanayokusudiwa, na siku ya mwisho ya kupokea pingamizi.

Tatu ni Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo hutoka kila Ijumaa na linaweza kusomwa bila malipo kwenye intaneti. Miradi yenye athari kubwa huhitaji pia leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa inayosimamia mazingira. Ripoti ya tathmini ya athari inapowasilishwa, NEMA huitangaza katika Gazeti Rasmi na katika magazeti ya kawaida, na kuwaalika wananchi kutoa maoni, kwa kawaida ndani ya siku 30. Kibali cha kaunti na leseni ya NEMA ni vitu viwili. Barua uliyopeleka kwenye ofisi moja haihesabiwi kuwa imefika kwenye nyingine.

Nne ni ofisi ya mipango ya kaunti. Nenda na nambari ya ardhi, uulize kama kuna ombi lolote. Ukinyimwa jibu, andika ombi la habari. Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 zinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Usipojibiwa, unaweza kulalamika kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki. Lakini usiache kuandika pingamizi kwa kuwa unangoja jibu hilo, maana siku 21 zaweza kupita muda uliowekwa katika tangazo.

Siku zinazohesabiwa

Tangazo la kubadilisha matumizi ya ardhi kwa kawaida hutoa siku 14 za kupinga. Likitolewa tarehe 3 Machi, siku ya mwisho ni tarehe 17 Machi. Fuata daima tarehe iliyoandikwa katika tangazo lenyewe.

Kaunti nayo ina muda wake. Mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, sheria inachukulia kwamba idhini imetolewa. Usidhani, basi, kwamba ukimya wa ofisi maana yake ni kuwa ombi limelala.

Uamuzi ukitolewa nawe usiridhike, una siku 14 tangu siku ya uamuzi kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango ya ardhi. Ukishindwa hapo, waweza kwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kwa sababu siku hizi huhesabiwa tangu uamuzi utolewe, baada ya kuwasilisha pingamizi ulizia ofisini kila wiki.

Namna ya kuandika pingamizi

Anza kwa nambari ya ardhi, tarehe ya tangazo, jina lako na mahali unapoishi. Kisha eleza madhara unayoyaona, moja baada ya jingine: mfereji wa maji taka unaofurika, barabara isiyopitisha gari la zima moto, ukuta utakaoziba mwanga na hewa, ukosefu wa maegesho, au ardhi iliyo kwenye ukingo wa mto. Ambatisha picha zenye tarehe. Barua inayosema “mfereji huu ulifurika mara tatu mwezi wa Aprili, na picha ni hizi” ina nguvu kuliko inayosema “wakazi hatutaki”.

Usiandike juu ya tabia ya mwenye ardhi, kabila lake wala dini yake. Si sababu za mipango, na zitaidhoofisha barua yako. Sema pia kile ambacho kingekuridhisha. Huenda jengo la ghorofa nne likafaa mahali ambapo la kumi halifai.

Peleka nakala mbili, na uhakikishe kwamba ile unayobaki nayo imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ukituma kwa barua pepe, hifadhi ushahidi wa kutuma. Bila ushahidi huo, ni vigumu kuonyesha kwamba uliandika kwa wakati.

Ujenzi ukianza bila idhini

Mahali pa ujenzi panapaswa kuwa na ubao unaoonyesha nambari za vibali pamoja na wataalamu na mjenzi wanaohusika. Usipouona, au ukitilia shaka nambari zake, ulizia kaunti na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Anayeendeleza ardhi bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au adhabu zote mbili. Kaunti pia inaweza kumpa ilani ya kumtaka asimamishe kazi na kurekebisha kosa. Usiingie mahali pa ujenzi kwa nguvu wala usijaribu kuwazuia mafundi wewe mwenyewe.

Kwa anayenunua au kupanga

Upekuzi rasmi wa ardhi hukuonyesha mwenye ardhi na deni lililowekwa juu yake. Haukuonyeshi maombi yaliyowasilishwa kuhusu ploti za jirani. Kabla ya kulipa amana, zunguka mtaa ukitafuta mabango, kisha peleka nambari za ploti za jirani katika ofisi ya mipango ya kaunti. Safari hiyo ya nusu siku yaweza kukuepusha na nyumba ambayo mwaka ujao haitaona jua.