Mkubwa Akisema, "Usiende, Nitakuongezea"

Yako mambo ya kazini ambayo huamuliwa nyumbani, baada ya chakula cha jioni, watoto wakiisha lala. Mojawapo ni hili: mtumishi amepata kazi kwingine, amepeleka barua ya kujiuzulu, kisha mkubwa wake amemwita na kumwambia, "Usiende, nitakuongezea."

Tumchukue mtunza ghala wa Jinja, Uganda, alipwaye shilingi 800,000 kwa mwezi. Kampala wamemwahidi 1,000,000. Mkubwa wake naye sasa ametaja kiasi hicho hicho. Kabla ya kushangilia, yeye na mkewe na washike kalamu. Katika nyongeza ile ya 200,000, kodi ya mapato itachukua 60,000, kwa kuwa kila shilingi ipitayo 410,000 hukatwa asilimia 30 kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2012. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii utakata asilimia 5, yaani 10,000. Zitakazoingia nyumbani ni 130,000. (Mwajiri naye hutoa asilimia 10 katika Mfuko, na fedha hizo si za kudharauliwa.) Sasa, chumba cha kupanga Kampala, je? Na nauli, na shule ya watoto?

Lakini fedha siyo yote. Mama wa nyumba na amwulize mumewe kwa upole: ulitaka kuondoka kwa sababu gani? Kama ni mshahara tu, pengine shauri limekwisha. Kama ni kutukanwa mbele ya vibarua, nyongeza haitayaondoa matusi hayo. Tena, mimi ningependa kujua kwa nini thamani yake haikuonekana mpaka alipoandika barua.

Sheria nayo isisahauliwe. Kwa Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006, aliyetumika miaka 5 hadi 10 hupewa notisi ya miezi 2, naye akiondoka hutakiwa kuitoa. Aliyetimiza miaka 10, miezi 3. Mtunza ghala wetu ana miaka 7. Akihamia Kampala, hesabu hiyo huanza upya.

Akiamua kubaki, asiifute barua yake kwa kuamini maneno matupu. Aombe nyongeza iandikwe, pamoja na tarehe ya kuanza na sahihi ya mkubwa. Ndipo awaarifu wale wa Kampala, mapema na kwa adabu, kwani huenda akawahitaji tena.