Mti, Uzi na Sumaku: Kabla Hujaagiza Gitaa la Umeme

Anayemwagiza fundi gitaa la umeme, badala ya kununua lililokwisha tengenezwa, huulizwa maswali mengi. Kiwiliwili kiwe cha mbao gani? Shingo je? Freti ngapi? Pikapu za aina gani, na zikae wapi? Wateja wengi hukwama kwenye swali la kwanza. Wamesikia kwamba mti huu hutoa sauti nzito na ule sauti kali, na kwamba mti wa bei ghali ndio wenye sauti bora, basi fedha na mawazo yao yote huishia kwenye mbao. Fizikia ya chombo hiki inatuonyesha mpangilio mwingine. Mbao ina kazi kubwa katika gitaa la umeme, lakini kuzaa sauti si kazi yake.

Katika gitaa kavu mambo ni tofauti. Uzi ni mwembamba mno kuweza kusukuma hewa ya kutosha, kwa hiyo hutikisa ubao mwembamba wa uso wa gitaa, na ubao huo ndio unaosukuma hewa hadi masikioni. Hapo aina ya mbao, unene wake na hata gundi vinasikika waziwazi.

Gitaa la umeme halingoji hewa. Chini ya nyuzi kuna pikapu, yaani sumaku iliyozungukwa na waya mwembamba wa shaba kwa maelfu ya mizunguko (koili). Uzi wa chuma ulio juu yake nao husumakika. Unapotetemeka, nguvu ya sumaku inayopita ndani ya koili hubadilika, na mabadiliko hayo huzalisha umeme mdogo unaofuata mtetemo wa uzi. Ni kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831, na ndiyo inayoendesha jenereta za mabwawa yetu ya umeme. Funga uzi wa nailoni juu ya pikapu hiyo na uupige upendavyo: spika itabaki kimya.

Historia nayo inashuhudia. Gitaa la kwanza la umeme lililofanikiwa sokoni, la kampuni ya Rickenbacker huko Los Angeles mwanzoni mwa miaka ya 1930, lilikuwa la alumini. Miaka michache baadaye mpiga gitaa Les Paul alichukua gogo la mraba, akalifunga shingo, brigi na pikapu, kisha akalibandika mabawa ya gitaa la kawaida ubavuni ili watu walione kuwa gitaa. Gogo lile lilipigika vizuri.

Mbao haiongezi, inapunguza

Je, tuseme basi mbao haina athari yoyote? Hapana. Njia nzuri ya kulifikiria jambo hili ni kufuata nishati. Nishati yote iliyo katika uzi imetoka kwenye kidole cha mpigaji. Mbao haina ya kwake ya kuchangia. Inaweza tu kupokea sehemu ya ile ya uzi. Uzi umeshikwa ncha mbili, brigi upande mmoja na freti upande wa pili. Ncha zikiwa imara kabisa, nishati hubaki kwenye uzi na noti hudumu. Ncha moja ikitikisika, nishati huvuja kuingia kwenye mbao, na noti hufa mapema.

Shingo ya gitaa, kama kitu chochote kirefu kilichoshikwa upande mmoja, ina masafa yake ya asili ya kutikisika. Noti fulani ikiangukia kwenye masafa hayo, shingo huinyonya. Wapigaji wa besi wanalijua hili vizuri: kwenye besi nyingi, uzi wa sol una noti karibu na freti ya 5 hadi ya 7 inayozimika kabla ya wenzake, hata fundi aweke nyuzi mpya. Katika miaka ya 1990, watafiti Helmut Fleischer na Tilmann Zwicker wa Ujerumani walipima jambo hili na kuonyesha kwamba kinachohusika hasa ni mtikisiko wa shingo, kuliko kiwiliwili. Baadaye huko Ufaransa, Arthur Paté na Jean-Loïc Le Carrou walionyesha kwamba ukipima jinsi shingo inavyotikisika penye freti, unaweza kukadiria noti itadumu kwa muda gani.

Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi si mti gani unaimba vizuri. Swali ni ubao gani unachukua kidogo, na kwa usawa, kutoka kwa kila noti. Hilo linategemea ugumu wa ubao, unyofu wa nyuzinyuzi zake, umbo la shingo na ukazaji wa maungio. Mbao mbili za mti mmoja zinaweza kutofautiana kwa hayo kuliko mbao za miti miwili tofauti.

Milimita 162

Sauti yenyewe, ile ambayo msikilizaji wa nyuma ya ukumbi anaitambua, huamuliwa kwa sehemu kubwa na mahali pikapu ilipowekwa. Chukua gitaa lenye uzi wa milimita 648 kutoka brigi hadi kichwani, kipimo cha kampuni ya Fender. Uzi huo ukipigwa mtupu, hautetemeki kwa namna moja tu. Hutetemeka mzima, na papo hapo hutetemeka kwa nusu mbili, kwa theluthi tatu, kwa robo nne, na kuendelea. Mitetemo hiyo ikichanganyika ndiyo inayoipa noti sura yake.

Robo ya milimita 648 ni 162. Kwa umbali huo kutoka kwenye brigi ndipo ilipo pikapu ya shingoni ya Stratocaster, gitaa lililotoka mwaka 1954. Katika mtetemo wa robo nne, sehemu hiyo ya uzi imetulia tuli, kwa hiyo pikapu iliyo chini yake haiupokei mtetemo huo, huku ikipokea kwa wingi mitetemo mikubwa ya chini. Sauti hutoka nene na laini. Pikapu ya brigini, iliyo karibu milimita 41 tu kutoka kwenye brigi, iko mahali ambapo mtetemo mkubwa unasogea kidogo sana, kwa hiyo mitetemo midogo ya juu hupata nafasi. Sauti hutoka kali. Uzi ni ule ule na mbao ni ile ile, lakini ukigeuza swichi kila mtu atasikia tofauti.

Hesabu hiyo ina faida kwa anayetaka freti 24 badala ya 21 au 22. Freti ya 24 ndiyo oktava ya pili, na oktava ya pili iko kwenye robo ya uzi, palepale kwenye milimita 162. Ukiagiza freti 24, pikapu ya shingoni lazima isogezwe kuelekea brigi, na sauti yake itabadilika. Mpigaji wa solo anayepanda juu wakati wa sebene huvutiwa na freti nyingi. Huenda anachohitaji ni freti 22 na kiwiliwili kilichochongwa pengo la kina, ili mkono ufike juu bila kujikunja, na pikapu ibaki mahali pake.

Kisha kuna mvumo wa umeme wa ukutani, ambao kwetu ni wa hezi 50. Pikapu ya koili moja huudaka pamoja na sauti ya uzi. Mwaka 1955, Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliomba hataza ya pikapu ya koili mbili, hambaka: koili ya pili imezungushwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa. Mvumo unaoingia kwenye koili hizo hufutana, ila sauti ya uzi hujumlishwa. Gharama yake ni kwamba sehemu ya ukali wa juu hupotea. Muziki wa dansi, wenye magitaa mawili au matatu yanayosukana bila kugongana, hupenda ule ukali wa koili moja. Anayepiga kwenye kumbi zenye nyaya chakavu anaweza kuagiza hambaka yenye swichi ya kuzima koili moja, akapata vyote viwili.

Urefu wa uzi nao ni uamuzi. Gibson hutumia takriban milimita 628. Kwa uzi ule ule na noti ile ile, mvutano hupungua kwa karibu asilimia 6, na kidole huuvuta uzi kwa urahisi zaidi. Wenye vidole vifupi, na wanaovuta sana nyuzi, watashukuru.

Shingo ndiyo ya kugharimia

Nyuzi sita za kawaida kwenye gitaa la milimita 648 huvuta kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 46 hivi, usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi. Kinachobeba mzigo huo ni kipande cha mbao chenye unene wa sentimita mbili na ushei. Ndani yake hupitishwa fimbo ya chuma inayokazwa au kulegezwa ili kuinyoosha shingo, lakini fimbo haiwezi kutibu mbao iliyopinda kwa kujisokota.

Adui mkubwa ni unyevu. Mbao hupokea na kutoa maji kulingana na hewa iliyopo. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 80, kama ilivyo kawaida asubuhi za pwani, mbao hutulia ikiwa na maji karibu asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Kwenye hewa ya asilimia 50 hushuka hadi kama 9. Gitaa lililotengenezwa Dar es Salaam kwa mbao ambayo haijakauka, likipelekwa Dodoma wakati wa kiangazi, litasinyaa. Pitisha kidole pembeni mwa shingo: ncha za freti zitakukwaruza, kwa sababu chuma hakikusinyaa na mbao imesinyaa.

Mbao husinyaa kwa upana, kwa urefu karibu haisinyai. Tena kwa upana huo, kufuata mzunguko wa pete za mti husinyaa karibu mara mbili kuliko kutoka kwenye kiini kwenda kwenye gome. Ndiyo maana inafaa kuutazama ubao wa shingo kwenye ncha yake kabla haujachongwa. Mistari ya pete ikiwa imesimama wima, ubao utasinyaa kidogo na kwa usawa. Ikiwa imelala kwa upinde, hatari ya kujisokota ni kubwa. Mwombe pia fundi aunganishe vipande vitatu au vitano kwa urefu, kila kimoja kikizuia mwenzake kupinda. Hapo ndipo fedha inapofanya kazi.

Kiwiliwili: pima kwa mizani

Kiwiliwili cha gitaa la kawaida kina ujazo wa lita nne hivi. Mkangazi, wenye uzito wa kama kilo 540 kwa mita ya ujazo, utatoa kiwiliwili cha kilo 2 na ushei. Mninga utafika kama kilo 2.5, mkongo zaidi ya kilo 3. Mpingo, wenye takriban kilo 1,270 kwa mita ya ujazo na unaozama majini, utatoa kilo 5 kabla hujafunga hata skrubu moja. Bendi inayopiga hadi alfajiri haina haja ya mzigo huo begani. Mkangazi ni wa jamii ya mahogani ya Afrika, ambayo viwanda vya nje huitumia badala ya mahogani ya Amerika. Mninga unasifika kwa kusinyaa kidogo sana, jambo ambalo maseremala wetu walilijua zamani.

Freti na msitu

Mpingo mahali pake ni ubao wa freti: mgumu, laini kwa kidole, hauliki upesi. Ubao mmoja wenye urefu wa sentimita 50, upana wa 6 na unene wa milimita 6 hauna hata robo kilo. Lakini kuupata ni kazi. Shina la mpingo ni fupi na lililopinda, na huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia kuvunwa. Kiini chake cheusi kimezungukwa na mbao ya manjano, na mara nyingi kina nyufa. Vumbi lake huwasha ngozi na mapafu, hivyo fundi avae barakoa.

Tangu Januari 2017, mpingo na ndugu zake wote wa jenasi ya Dalbergia wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa sharti la kibali kwa sehemu kubwa ya jamii hiyo, ila mbao ghafi bado zinahitaji kibali kuvuka mpaka. Njia halali ipo: mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kilwa, kama Kikole na Kisangi, ilipata cheti cha FSC cha utunzaji bora wa misitu, na mapato ya mpingo yakaanza kuingia kwa wanakijiji wenyewe wanaoutunza.

Matakwa ya mteja yanaweza kuua msitu au kuuponya. Kameruni, wakataji wa abunusi walikuwa wakiangusha miti na kuiacha ioze pale walipoikuta na mabaka ya kahawia, kwa sababu wanunuzi walidai weusi mtupu. Mwaka 2011 kampuni ya magitaa ya Taylor iliingia ubia kwenye kiwanda cha mbao cha Crelicam, Yaoundé, na kuanza kutumia abunusi yenye mabaka. Marekani nako, mdudu kutoka Asia aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002 ameua miti ya eshi kwa mamilioni, na mwaka 2020 Fender ilitangaza kuuacha mti huo katika magitaa yake mengi, baada ya miaka 70 ya kuutumia. Magitaa yao hayakupoteza sauti yao kwa hilo.

Fizikia inatupa uhuru hapo. Kwa kuwa sikio halidai mti fulani, mteja hana sababu ya kudai mti unaokwisha, wala weusi usio na doa. Mwandikie fundi urefu wa uzi, nafasi za pikapu, ukavu wa mbao ya shingo na uzito wa mwisho unaoutaka. Kuhusu aina ya mti, andika sharti moja: uwe umevunwa kihalali, na fundi aweze kukuonyesha hati ya ulikotoka.