Sura ya 5: Kutoka Maji Hadi Maji

Ng'ombe anayechinjwa Vingunguti, Dar es Salaam, alfajiri ya leo ameivuka nyika. Yawezekana alinunuliwa mnadani huko Singida au Dodoma, akapakiwa kwenye lori, akashushwa mnada wa Pugu, kisha akaletwa hapa kwenye machinjio yaliyozungukwa na viwanda, nyumba za kupanga na reli ya kati. Anayekunywa supu yake anaishi katika jiji ambalo sensa ya 2022 ililihesabia watu zaidi ya milioni 5.3. Nyama iliyomo bakulini imetoka kwenye nchi ambako, ukiiacha barabara kuu, waweza kutembea kutwa nzima usione moshi wa jiko.

Nchi hiyo ni ukanda mkavu wa katikati ya Tanzania: Ugogo, na pori linaloendelea magharibi yake hadi mpakani mwa Unyamwezi. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua na upepo. Mito ya huko hutiririka kwa siku chache, kisha hubaki mchanga mtupu. Mto Bubu haufiki bahari yoyote. Unaishia kwenye bwawa la Bahi, na maji yake yanapanda angani yakiacha chumvi. Lakini mchanga wa korongo ni hazina. Maji yaliyozama chini yake hayafikiwi na jua kwa urahisi, kwa hiyo Mgogo huchimba kisima katikati ya mto uliokauka na kuwanywesha mifugo mwezi wa Septemba, wakati mgeni aliyesimama ukingoni anaamini kuwa hapo hapana tone.

Katika karne ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora ulikutana na mapengo mawili makubwa yasiyo na maji. La kwanza liliitwa Marenga Mkali, baada ya Mpwapwa, kilomita 50 hivi. La pili lilikuwa kubwa zaidi na liliogopwa zaidi: Mgunda Mkali, pori lililoanza magharibi ya Ugogo na kuendelea hadi Tura, siku kadhaa za mwendo. Richard Burton na John Speke walipita njia hii mwaka 1857. Kutoka pwani mpaka Kaze, jirani na Tabora ya leo, walitumia siku 134. Vitabu vya Ulaya vikawaita wavumbuzi, ingawa njia yenyewe ilikuwa imekwisha kukanyagwa na Wanyamwezi na wafanyabiashara wa pwani kwa miaka mingi, na elimu ya kuivuka ilikuwa vichwani mwa wapagazi.

Elimu hiyo inastahili kuelezwa kwa makini. Siku ya kawaida msafara uliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Mbele ya pengo la maji, ratiba iligeuzwa. Watu walikaa kisimani asubuhi nzima, wakapika, wakala, wakanywa mpaka wakatosheka, wakajaza vibuyu. Mchana ulipopinda ndipo kirangozi, kiongozi wa njia, alipotoka mbele. Walitembea mpaka giza likaingia, wakalala pasipo maji, wakaamka usiku bado mbichi na kuendelea. Mwendo huo wa mchana waliuita terekeza. Ubora wake uko katika hesabu ya jasho: safari inayohitaji siku mbili hukatwa ili sehemu kubwa ya mwendo iangukie jioni, usiku na alfajiri, na mwili ukose maji kwa saa zisizozidi ishirini hivi, badala ya siku mbili kamili za jua. Msafiri Henry Stanley naye aliivuka Marenga Mkali kwa mtindo huohuo mwaka 1871.

Kwa nini mizigo ilibebwa na watu, na si wanyama? Mgunda Mkali lilikuwa pori la mbung'o, na ugonjwa wake, nagana, uliua farasi na kudhoofisha punda. Mizigo ikabaki mabegani mwa binadamu, kama frasila mbili kwa mtu, yaani kilo 32 hivi, na juu yake kibuyu, chungu na mkeka wake mwenyewe. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mtu huru mwenye ujira wake. Katika njia hiyohiyo walipita pia mateka waliofungwa minyororo, wakiteremshwa pwani kuuzwa, na kwao kiu ya nyika haikuwa hesabu waliyoipanga wenyewe. Wengi hawakufika.

Katikati ya mapengo hayo mawili walikaa Wagogo, nao ndio walioshika visima na nafaka. Kila mtemi alidai hongo: vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, waya wa shaba. Wasafiri wa Kizungu waliandika kwa hasira kuhusu hongo, kana kwamba ni unyang'anyi. Mimi naiona kuwa ni bei ya maji. Kisima kilichochimbwa kwa mikono na kinachonywesha ng'ombe wa kijiji hakiwezi kuhudumia watu mia tano wa ghafla bure. Utawala wa Wajerumani uliivunja hongo baada ya kujenga boma Mpwapwa mwaka 1889, kisha Kilimatinde. Njia ikabaki, mamlaka ya wenyeji juu yake yakaondoka. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, majeshi yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, ukame ukafuata, na Wagogo wakaingia kwenye njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920, ambayo wazee wao wameisimulia kizazi baada ya kizazi.

Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mtu angedhani chuma kimeshinda kiu. Lakini injini ya mvuke hunywa maji mengi, na mafundi walilazimika kutafuta maji ya stesheni kama kirangozi alivyotafuta ya kambi. Saranda, Manyoni, Itigi, Tura: soma majina hayo ya stesheni na utakuwa unafuata Mgunda Mkali. Ni injini za dizeli tu zilizoitenganisha treni na kisima, na tangu 2024 treni ya umeme inafika Dodoma kwa saa chache. Barabara ya lami kutoka Manyoni kwenda Tabora nayo imepenya vichaka vya Itigi, vizito kiasi kwamba mtu aliyepotea humo haoni hatua kumi mbele.

Mnyama ndiye hajabadilika. Ng'ombe wetu wa asili huvumilia kunyweshwa siku moja na kuachwa moja, ndiyo maana anaishi Ugogo. Akiwa kwenye lori, amesimama, anabanwa na wenzake, hali, hanywi, huku akipoteza mkojo, kinyesi na jasho. Katika safari ya siku moja anaweza kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake. Mnadani bei nyingi hukatwa kwa macho, na mnunuzi mzoefu wa Pugu hutazama ubavu uliobonyea na macho yaliyozama kabla hajataja fedha. Anayempumzisha na kumnywesha mnyama njiani hurudishiwa gharama yake papo hapo.

Mwezi wa Oktoba, visima vinaposhuka na majani yameisha, mfugaji huuza kabla mnyama hajamfia. Wauzaji wanakuwa wengi kwa wakati mmoja, ng'ombe wamekonda, na bei inamwangukia yeye. Mwaka wa ukame mkali jambo hilo huanza mapema zaidi. Wakati huo malori yanayoingia Pugu huongezeka, na mtu wa Vingunguti anaweza kudhani huko juu mambo ni mazuri, kumbe wingi wa mifugo anaouona ni watu wanaopunguza zizi kwa sababu maji yameisha.