Umm Bogma: manganezi ya jangwa la Sinai, na sisi wa Lualaba

Bandugu na badada wa promosio zote, mukisikia neno manganezi, wengi wenu munawaza Kisenge, kule karibu na mupaka wa Angola. Ni sawa. Lakini leo nataka tutoke kidogo Lualaba, tuende mpaka Misri, ku jangwa la Sinai, mahali panaitwa Umm Bogma. Ni mine ndogo, na hata watu wengi wa kazi ya madini hawaijui. Mimi niliifikia kwa njia ya udongo, si kwa njia ya jiwe, na mutaona sababu yake.

Umm Bogma iko upande wa magharibi wa Sinai, zaidi ya kilometa 20 toka bandari ndogo ya Abu Zenima, ku Ghuba ya Suez. Ni inchi ya milima yenye vichwa vya sawasawa kama meza, imekatwakatwa na mabonde makavu ambayo Waarabu wanaita wadi. Mvua ni kidogo sana. Kwa mulimaji ni huzuni tupu, lakini kwa jeologi ni furaha, sababu hakuna majani wala miti ya kufunika kitu. Unasimama chini mu wadi, unainua macho, na tabaka zote za mawe ziko wazi mbele yako sawa mikeka iliyopangwa moja juu ya ingine.

Chini kabisa kuna granite na mawe mengine ya zamani sana. Juu yake kuna mawe ya mchanga, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 440. Halafu kuna pengo: kwa wakati murefu hakuna kitu kilichobaki kimeandikwa pale, mawe yalikuwa yanakulwa na mvua na upepo. Kiisha bahari ikaingia, miaka karibu milioni 340 iliyopita, ikaacha dolomiti, ndugu ya chokaa, yenye magnezi ndani. Tabaka hiyo ya dolomiti njo majeologi wanaita kwa jina la mahali, Umm Bogma. Juu yake mchanga mweupe na kaolini, na mahali pengine juu kabisa, basalti nyeusi.

Manganezi iko upande wa chini wa hiyo dolomiti, imechanganyika na chuma. Haikupangwa sawa tabaka moja inayoendelea. Iko vipande-vipande, kipande kimoja kinene, kingine chembamba, sawa nyama ndani ya sombe ya mutu asiye na franga nyingi: unapiga kijiko unapata, unapiga tena hakuna. Na sababu wadi zimekata mulima, ile minere inaonekana ku ubavu wa bonde. Mchimbaji hakuhitaji kushimba kisima kirefu, aliingia tu kwa mulango wa kando.

Sasa ilifika namna gani pale? Hapa ma-agronomi tuko nyumbani. Munakumbuka masomo ya udongo: manganezi mahali pasipo na oksijeni inayeyuka mu maji, na ikikuta oksijeni inageuka kuwa oksidi nyeusi, inaganda. Njo maana mu shamba la mupunga lililojaa maji manganezi inafunguka, na mu udongo mukavu wenye chokaa inafungwa mpaka majani ya muhogo yanakuwa manjano kati ya mishipa. Mu udongo wenye asidi kali, sawa ule mwekundu wetu wa Katanga, inafunguka zaidi ya kipimo mpaka maharagi yanapata madoa ya kahawia. Kemistri ni ileile. Tofauti ni kwamba mu shamba inachukua juma moja ao mbili, na ku Sinai ilichukua wakati ambao akili ya mutu haiwezi kuushika.

Majeologi hawapatani juu ya habari nyingine. Bamoja wanasema manganezi ilishuka pamoja na matope ya bahari. Wengine wanasema maji ya moto yalipanda kupitia nyufa za ardhi. Wengine tena wanasema dolomiti iliinuka, mvua ikaitoboa mashimo na mapango, na minere ikajaa humo. Mimi naegemea hawa wa mwisho, angalau kwa sehemu, juu ya ile namna ya vipande-vipande: tabaka ya bahari peke yake ingetandikwa vizuri zaidi.

Watu walishimba milima ile zamani sana, lakini si kwa manganezi. Wamisri wa zamani walikuja Maghara na Serabit el-Khadim, majirani wa Umm Bogma, kutafuta feruzi, lile jiwe la rangi ya bluu na kijani. Ku Serabit walijenga hekalu la Hathor. Pale Flinders Petrie alipata mu mwaka 1905 maandiko madogo ya ajabu, na mu 1916 Alan Gardiner akasoma ndani yake jina la mungu wa kike. Wataalamu wengi wanaona yale maandiko kuwa babu ya alfabeti, hata hii ninayotumia hapa.

Manganezi ilingoja chuma cha pua. Bila manganezi chuma hicho kinabaki na salfa na kinapasuka. Tani moja inadai kilo 6 mpaka 9 hivi. Mbele ya 1914, Ulaya ilipata nyingi toka Chiatura, ku Georgia ya Urusi. Vita ilipokuja, njia ya Dardaneli ikafungwa, na kila kilima cheusi kikapata bei. Mu 1916 John Ball akatoa kitabu chake juu ya jeolojia ya sehemu ile ya Sinai, na sosiete ya Waingereza ikaanza kazi. Shida haikuwa kushimba. Shida ilikuwa kushusha. Wakaweka kamba ya chuma ya kubeba ndoo za minere hewani toka mulima, halafu reli ndogo mpaka bahari, halafu meli.

Kiisha vita vya Suez vya 1956, serikali ya Misri ikachukua mali za Waingereza. Mu Juni 1967 Israeli ikakamata Sinai yote, na kazi ikasimama. Pwani ya Abu Rudeis ilirudi mu 1975, na Sinai iliyobaki ikarudi kidogo-kidogo kiisha pale. Na hapa munitazame: mu ule mwaka wa 1975, vita ya Angola ilifunga reli ya Benguela, na Kisenge yetu, yenye minere nzuri kuliko ile ya Sinai, ikakosa njia ya Lobito. Minere ilikuwepo, wachimbaji walikuwepo. Manganezi ni nzito na bei yake kwa kilo ni ndogo, si sawa kobalti. Ukiikatia njia, umeifunga. Misri, baadaye, ilichagua kuyeyusha kwanza: Abu Zenima kuna uzini ya feromanganezi. Naona hapo walifikiri vizuri kutushinda.

Kitu kimoja bado, na ni kwa wale wenye bandugu mu mashimo. Vumbi ya manganezi ikivutwa myaka mingi inaingia mpaka ku ubongo. John Couper aliandika jambo hili Scotland mu 1837. Mu 1955 Rodier akaliandika kwa wachimbaji wa Moroko. Mutu anaanza kucheka ao kulia bila sababu, hasira, usingizi unapotea. Kiisha uso unakauka, sauti inashuka, anatembea kwa ncha za miguu sawa jogoo. Ku nyumba wanasema amelogwa. Akitolewa mapema anaweza kupona sehemu. Akichelewa, miguu hairudi. Dawa ya kwanza ni maji: kutoboa jiwe likiwa limelowa, vumbi isiruke. Ku Sinai maji ilikuwa mali. Ku Kisenge mito iko.