Udhibiti wa Uhifadhi na Uvunjaji wa Mafuta katika Seli za Mafuta: Msingi wa Kufasiri Matokeo ya Maabara

Makala haya yanafafanua namna homoni na kemikali nyingine zinavyodhibiti uhifadhi na uvunjaji wa mafuta katika seli za mafuta. Aidha, yanaeleza kwa nini ongezeko la uvunjaji lililopimwa maabarani halitoshi kuthibitisha kwamba kemikali fulani hupunguza mafuta mwilini.

Baada ya mlo, kongosho hutoa insulini. Homoni hii huwezesha seli kuingiza glukosi, ambayo hutumika kuunda uti wa gliseroli. Uti huo huunganishwa na asidi tatu za mafuta na kuwa trigliseridi, inayohifadhiwa katika tone kubwa ndani ya seli. Wakati wa kufunga au mazoezi, insulini hupungua na noradrenalini huongezeka. Noradrenalini hushika vipokezi vya beta kwenye utando wa seli na kuongeza AMP ya mzunguko. Hiyo huamsha kimeng'enya kinachoambatisha fosfeti kwenye perilipini, protini inayolinda tone, na kwenye lipasi inayoitikia homoni. Ulinzi hulegea, na vimeng'enya vitatu hufanya kazi kwa zamu: lipasi ya trigliseridi, iliyobainishwa mwaka 2004, hutoa asidi ya kwanza, lipasi inayoitikia homoni hutoa ya pili, lipasi ya monogliseridi hutoa ya tatu. Insulini huzuia mfululizo huu kwa kuamsha fosfodiesterasi, ambayo huvunja AMP ya mzunguko.

Kemikali kutoka nje hugusa njia ileile. Kafeini huzuia vipokezi vya adenosini na, katika viwango vikubwa, fosfodiesterasi. Hivyo huchochea uvunjaji. Kinyume chake, asidi ya nikotini hupunguza AMP ya mzunguko na kuzuia uvunjaji.

Kutokana na hayo, vipimo vinahitaji tahadhari. Asidi zilizotolewa zaweza kuunganishwa upya ndani ya seli ileile, ilhali gliseroli hutumika tena kwa kiasi kidogo sana, kwa kuwa seli hizo zina uhaba wa kimeng'enya cha kuiambatishia fosfeti. Kwa hiyo gliseroli huonyesha kiwango cha uvunjaji, na asidi huonyesha kiasi kilichosalia baada ya urejeshaji; yafaa zipimwe zote mbili. Hata hivyo, asidi zisipochomwa misulini au kwingineko, hugeuzwa tena kuwa mafuta, yakiwemo yale yanayolundikana kwenye ini. Hivyo basi, dai la kupunguza mafuta mwilini linahitaji pia ushahidi wa matumizi ya nishati na wa mabadiliko ya kiasi cha mafuta katika mwili mzima.