"Intestate" Si "Interstate": Neno Linaloamua Mambo ya Shamba

Katika vilima vya Nyamarambe, upande wa Mugirango Kusini katika Kisii, mashamba ni madogo na watu ni wengi. Mwenye shamba anapofariki, jamaa zake huenda kwa chifu kupata barua inayowataja warithi, kisha huelekea mahakamani. Huko hukutana na neno la Kiingereza lisilosikika kila siku, nalo ni "intestate". Hata makarani waliosoma vema hulikosea, wakaandika "interstate". Herufi moja imeongezwa, na maana imepotea kabisa. Kwa maana "interstate" ni jambo la baina ya jimbo na jimbo, kama zilivyo barabara kuu za Marekani.

"Intestate" ni sifa ya mtu aliyekufa bila kuacha wosia unaokubaliwa na sheria. Asili yake ni Kilatini, na shina lake ni neno lenye maana ya shahidi. Husemwa kwamba mtu "died intestate", yaani alikufa bila wosia. Si sahihi kusema "intestate will", kwani hiyo ni sawa na kusema wosia usio wosia. Hali yenyewe huitwa "intestacy", na aliyeacha wosia huitwa "testate". Wala neno hili halina maana kwamba marehemu alikuwa maskini, au kwamba hakuacha watoto.

Jambo la kuangaliwa sana ni hili: mzee aweza kufa "intestate" hali alidhani ameacha wosia. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, hukubali wosia wa mdomo ikiwa ulitamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na mwenyewe akafariki kabla ya miezi 3 kupita. Basi mzee akiwaita wanawe leo na kuwausia, kisha akaishi miaka 5 zaidi, maneno yale hayana tena nguvu ya wosia. Wosia ulioandikwa hauna mwisho wa namna hiyo. Mwenyewe hutia sahihi au alama yake, na mashahidi wawili au zaidi hutia sahihi zao mbele yake. Yafaa mashahidi hao wasiwe miongoni mwa warithi.

Pasipo wosia, sheria ndiyo inayogawa. Mume au mke aliyebaki hupata vyombo vya nyumbani, pamoja na haki ya kuitumia mali nyingine katika maisha yake. Baadaye watoto hugawana sawasawa. Binti ni mtoto kama mwana alivyo, hata akiwa ameolewa. Mwaka 2005, katika shauri la Rono, Mahakama ya Rufani ilikataa hoja kwamba mabinti wapewe kidogo kwa sababu huenda wakaolewa.

Kwa aliyeoa wake wawili, wengi hudhani kila nyumba hupata nusu. Sivyo. Huhesabiwa watoto wa kila nyumba, na mjane huongezwa kama mtu mmoja. Nyumba yenye mjane na watoto 5 huwa na mafungu 6. Yenye mjane na watoto 2 huwa na mafungu 3. Shamba likiwa la ekari 9, nyumba ya kwanza hupata ekari 6, na ya pili ekari 3.

Tena, kuuza au kutapanya mali ya marehemu bila idhini ya sheria ni kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au yote mawili.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye shamba asiyetaka neno "intestate" liandikwe baada ya jina lake, na aandike wosia wake angali mzima, mbele ya mashahidi.