Je, wajua antivairasi haijali jina la faili?

Shuka kutoka nyumba zilizobanana na mawe ya kilima cha Igogo, ingia steshenari yoyote. Utakuta watu na flashi zao, wanaprinti barua za maombi ya kazi. Yangu ilichomekwa hapo mara moja tu. Jioni folda zote zimegeuka shotikati. Nikajua zimefutwa.

Kumbe wapi! Kirusi kilikuwa kimezipachika alama ya kufichwa, alama ambayo mfumo wa faili wa FAT umeibeba tangu enzi za DOS. Windows huiheshimu, Linux kwa kawaida huipuuza. Fundi mmoja mwenye Linux aliichomeka, kila kitu kikaonekana mahali pake.

Antivairasi nayo haidanganyiki kwa majina. Faili liitwalo "Picha za harusi" huchunguzwa baiti zake za mwanzo: programu ya Windows huanza na MZ, herufi za Mark Zbikowski, aliyekuwa mhandisi wa Microsoft; ya Linux hubeba ELF. Kisha yaliyomo hulinganishwa na saini za virusi vinavyojulikana. Kwa kuwa baiti hazibadiliki, ClamAV, antivairasi aliyoianzisha Tomasz Kojm wa Poland, hukaa kwenye Linux ikanasa kirusi cha Windows ambacho hapo hakina meno.

Kinachotofautiana kati ya mifumo ni mlango. Kwenye Windows antivairasi huweka kichujio ndani kabisa, faili likifunguliwa tu inalidaka. Linux ina fanotify, inayoweza kulizuia faili hadi ruhusa itolewe. Android ni nyumba ya kupanga: kila programu na chumba chake, na antivairasi ni mpangaji kama wengine. Hukagua programu unayosakinisha na vilivyoko sebuleni. Cha jirani haichungulii.

NTFS, mfumo wa faili wa Windows, ndiyo yenye vituko. Faili linaloonyesha baiti 0 laweza kuficha mzigo mkubwa kwenye mkondo wa data wa pembeni, na antivairasi isiyoujua mkondo huo hupita tu. Ukilinakili kwenye flashi ya FAT32, mkondo unabaki nyuma.

Ukitaka kuijaribu yako, tafuta jaribio la EICAR: herufi 68 za kawaida, hazina madhara, ila waundaji wa antivairasi walikubaliana kuzipigia kelele. Zihifadhi kwenye faili la maandishi usikie. Lakini kwenye kompyuta yako. Mwenye steshenari atakufukuza na chenji asikupe.